Nyamuswa, Nchi ya Moto na Mvua

Ukitoka Bunda mjini kwenda Nyamuswa, ziwa linabaki mgongoni. Harufu ya dagaa walioanikwa inakuacha polepole, unapokewa na mashamba ya pamba, mihogo na mtama, na minyaa iliyopandwa kuwa ua wa boma. Halafu yanaanza mawe. Mawe ya Ikizu, kama nchi hii inavyoitwa, yanatosha kuwa sababu ya safari hata kama mtu hana shughuli nyingine huku. Ni makubwa kuliko nyumba, mengine yamepandana, na lililo juu limekaa mahali ambapo wewe usingethubutu kuliweka. Mizizi ya miti imepenya nyufa zake ikayakumbatia. Mbuzi hupanda mpaka juu kabisa, wakasimama wakikutazama kana kwamba wewe ndiye kioja.

Magari ya watalii huenda Serengeti. Yanayoingilia upande huu mengi hupitia lango la Ndabaka kule barabara ya Mwanza, na machache yanayopita karibu na huku hayasimami. Hasara ni yao. Hii ni nchi ya watu waliokaa ukingoni mwa mbuga tangu kabla haijaitwa mbuga, wakijua kuwinda, kulima na kufuga kwa pamoja, na wanaposimulia habari za mlima Chamriho, ambao tarafa nzima imechukua jina lake, hawasimulii mandhari. Wanasimulia ukoo.

Shughuli iliyonileta mimi ilikuwa historia ya ukenekaji: ile kazi ya kuchemsha kitu mpaka kitoe mvuke, kisha kuupoza mvuke huo urudi kuwa maji, ukiwa umeacha nyuma usichokitaka. Wanaoifuatilia historia hii kwa kawaida huenda kwenye maktaba za Ulaya kufunua vitabu vya kale, au kwenye makumbusho kutazama vyombo vya shaba ndani ya sanduku la kioo. Sina ugomvi nao. Lakini chombo ambacho bado kinafanya kazi kinafundisha zaidi ya kile kilichosafishwa kikaandikiwa kibandiko, na katika sehemu hii ya mkoa wa Mara vyombo vya vitabu vile bado vina masizi.

Isitoshe, Ikizu ina hadithi yake. Wazee husimulia kwamba palikuwa na mwindaji, Isamongo, mwenye siri ya moto. Palikuwa na mwanamke, Nyakinywa, aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma, mwenye siri ya mvua. Walipokutana ikawa ni kupimana nguvu. Isamongo aliwasha moto wake. Nyakinywa akaita mvua, moto ukazimika. Masimulizi yanatofautiana, na ukimsikiliza mzee wa ukoo huu baada ya wa ukoo ule utaona kila mmoja ana upande anaoupendelea. Mwisho wake hautofautiani sana: mwenye moto na mwenye mvua walioana, na Nyakinywa anahesabiwa mtemi wa kwanza wa Ikizu. Wenyeji wenyewe waliiandika historia yao, na imo katika kitabu cha masimulizi ya Mara Kusini kilichohaririwa na Jan Bender Shetler na kuchapishwa Leiden mwaka 2003. Nilipoisoma nilijua wapi pa kuja. Uvue ukenekaji majina yake yote ya kitaalamu, utakuta ndoa ya Isamongo na Nyakinywa: moto huinua, maji ya baridi hushusha. Pasipo moto hakuna kinachopanda. Pasipo maji ya kupozea, ulichokipandisha kimekupotea.

Mtambo mkubwa kuliko yote uko magharibi mwa hapa na hauna mwenyewe. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Wengi wetu tulikua tukidhani linajazwa na mito, kwa kuwa mito ndiyo tuliyochorewa darasani. Ukweli ni kwamba asilimia 80 hivi ya maji yanayoliingia ni mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na sehemu kubwa kabisa ya maji yanayotoka hutoka kwa kugeuka mvuke. Nile hupata kilichobaki. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo wa ziwa ukaingia bara, mawingu yakapanda juu ya vilima vya upande huu wa mashariki. Ndiyo maana radi za Mara hupenda alasiri. Usiku upepo hugeuka, na ngurumo huhamia ziwani, jambo ambalo mvuvi hahitaji kuambiwa na mtu wa hali ya hewa. Aristotle aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba maji ya bahari yakigeuka mvuke na mvuke ukarudi kuwa maji, chumvi haifuati. Alikuwa anaieleza mvua. Wenye vyungu walikuja baadaye wakaishusha mbingu ikaenea jikoni.

Jikoni, basi. Mtanzania yeyote anaujua mtambo wa gongo hata kama hajawahi kuusogelea, kwa sababu ameuona gazetini: pipa jeusi kwa masizi, mrija wa shaba uliojikunja, madumu ya njano, na askari wamesimama nyuma yake kwa fahari. Mara haina upekee katika hilo. Pombe ya moshi hupikwa nchi nzima, na kadiri unavyokaribia Sirari ndivyo utakavyosikia wakiiita chang'aa, kama majirani zetu wa Kenya. Malighafi ni kile shamba lilichotoa, muhogo, mahindi au mtama, kikaachwa kichache na kuumuka. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, maji karibu na nyuzi 100, na pengo hilo dogo ndilo linalobeba biashara yote. Huku juu pengo ni dogo zaidi kidogo: ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji ya chai ya Nyamuswa huchemka kabla ya kufika nyuzi 97.

Mtazame yule mrija. Katika karne ya 13, tabibu wa Bologna aitwaye Taddeo Alderotti alieleza mrija uliozungushwa ndani ya chombo cha maji, maji yenyewe yakibadilishwa ili yabaki ya baridi. Kabla ya hapo mvuke ulipozwa kwa hewa au kwa kitambaa chenye maji kilichowekwa juu ya kifuniko, na kilevi kingi kilipotea. Mwaka 1500 daktari mpasuaji wa Strasbourg, Hieronymus Brunschwig, alichapisha kitabu chake cha ufundi wa kukeneka, kikiwa na picha za kuchongwa kwenye mbao: majiko, vyungu, vifuniko vyenye umbo la kofia, mimea ya kila aina. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa London mwaka 1527. Ukimwonyesha mpishi wa pombe wa Mara picha zile atazielewa bila kujua neno moja la Kijerumani. Pengine atacheka jinsi mzungu alivyohangaika na jiko la matofali kwa kazi inayomalizwa na mafiga matatu.

Lakini mzee wa wote katika fani hii ni mama. Jina lake Maria, Myahudi, aliyeishi Misri katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Vitabu vyake vimepotea. Tunamjua kwa sababu Zosimos wa Panopolis, aliyeandika kama mwaka 300, alimnukuu kila mara kwa heshima. Maria alieleza chombo chenye mirija mitatu ya shaba na, kama mtu anayemtuma mtoto dukani, akataja unene wa bati lake kwa kulinganisha na kikaango. Viungo, alisema, vizibwe kwa unga uliokandwa. Hapo ndipo nilipoinua macho kutoka kwenye kitabu, kwa sababu mitambo ya vijijini kwetu huzibwa hivyo hivyo: donge la unga au udongo wa kufinyangia, likapakwa pale mrija unapoingia kwenye chungu. Donge hukauka kwa joto likawa gumu, mvuke usipenye. Na lina faida ya pili. Mrija ukiziba na mvuke ukakosa njia, donge ndilo litakaloachia kwanza, si chungu. Kati ya jiko la Maria na jiko la Mara hakuna kitabu kilichosafiri. Kilichopo ni tatizo moja na watu wawili wenye akili.

Upo pia mtindo usiotumia mrija kabisa, na huu nafsi yangu inaupenda sana kwa werevu wake. Chungu kinachochemka kinawekewa bakuli ndani, na juu yake kinafunikwa kwa chombo cha mviringo chenye maji ya baridi. Mvuke unapanda, unagusa tako la baridi, unageuka matone, matone yanateleza mpaka katikati na kudondokea bakulini. Joseph Needham, mwanahistoria wa sayansi ya China, aliuhesabu kuwa mojawapo ya mitindo mikuu ya kukeneka duniani, akauita wa Kimongolia. Katika Jabal Akhdar, Oman, wanakotoka baadhi ya ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, familia hupika marashi kwa mtindo huo kila waridi linapochanua kuanzia mwisho wa Machi: jiko la udongo, chungu, bakuli la shaba ndani, maji baridi juu. Marashi ya aina hiyo ndiyo yanayonyunyizwa kwenye maulidi na harusi za pwani. Baghdad ya karne ya 9 ilikuwa na kitabu kizima cha al-Kindi juu ya manukato na ukenekaji, chenye maelekezo zaidi ya 100. Na kwa anayetaka kuona kazi hii katika ukubwa wa kiwanda ndani ya Tanzania, aende Wawi, Chake Chake, ambako makonyo ya karafuu hukenekwa mafuta na Pemba nzima inajua kwa pua kwamba leo kazi inaendelea.

Marashi yana heshima, gongo haina. Sidai ipewe. Mtambo wa kienyeji haupimi, na wanaoharakisha kwa kuchanganya kemikali wameua watu wengi: Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Lakini historia ya marufuku nayo isomwe. Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mataifa yenye makoloni yalitia saini mkataba wa pombe barani Afrika. Hawakuishia kuzuia pombe. Walizuia vyombo vyenyewe: kuviingiza, kuviuza, hata kuwa navyo. Wakati huohuo viwanda vya whisky vya Uskoti vilikuwa vikifuka moshi bila wasiwasi. Baada ya uhuru, mwaka 1966, Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mahususi ya pombe ya moshi, na miaka ya 1970 Konyagi ikaanza kutoka Dar es Salaam, ikiwa na chupa, kizibo na kodi. Kilichobaki kijijini kikaendelea kuwa kosa, na kikaendelea kulipa ada za shule. Mama mpishi anayajua yote mawili.

Chombo kimoja kati ya vile vya kale kabisa, hata hivyo, hakimo kwenye pombe. Kimo kwenye dhahabu.

Nchi hii ina dhahabu. Buhemba iko upande wa Butiama, si mbali na Nyamuswa. Kiabakari ilikuwa na mgodi tangu enzi za mkoloni. Kinyambwiga iko upande wa Bunda. Ukikaribia machimbo husikia makarasha kwanza, yakisaga mawe mchana kutwa mpaka meno yako nayo yanaonja vumbi. Unga wa mawe huoshwa, kisha hutiwa zebaki, ambayo huinyonya dhahabu na kuacha mchanga. Tonge linalopatikana hukamuliwa ndani ya kitambaa. Baada ya hapo huja moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Kwa hiyo tonge likiwekwa juu ya makaa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki, kwanza ikiwa na rangi isiyovutia, halafu ikabadilika mbele ya macho yako.

Huo ni ukenekaji uliokatwa nusu. Moto upo, baridi haipo. Mvuke wa zebaki hauna harufu wala hauchomi koo, ndiyo maana haumtishi mtu. Huingia mapafuni mwa aliyeinama, hushuka juu ya paa na sufuria za jirani, hufika mtoni, na mtoni hufika kwa samaki. Miaka mingi baadaye mikono huanza kutetemeka.

Na dawa yake ni kifuniko. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza, katika kitabu chake cha dawa alieleza jinsi zebaki inavyopatikana: jiwe lake jekundu linawekwa ndani ya kijiko cha chuma, kijiko ndani ya chungu, chungu kinafunikwa na kuzibwa kwa udongo, kisha makaa. Kinachoganda kwenye kifuniko hukwanguliwa, nacho ni zebaki. Hayo ni miongoni mwa maelezo ya kale kabisa tuliyonayo ya chombo cha kukeneka. Mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, Georgius Agricola alichapishiwa kule Basel kitabu kikubwa cha uchimbaji madini, nacho kinaeleza jinsi ya kuitenga zebaki na dhahabu ndani ya chombo kilichofungwa, zebaki ikakusanywa irudi kazini. Yaani mwenye mgodi wa karne ya 16 aliona upuuzi kuiacha mali yake ipae.

Kwa nini basi mchimbaji wa leo huacha kifuniko? Si ujinga, na wanaokuja na semina wakidhani ni ujinga huondoka na karatasi zao za mahudhurio tu. Chombo kilichofungwa huchukua muda mrefu zaidi, na mnunuzi anasubiri. Kinafunika dhahabu, na ambapo tonge moja ni jasho la watu kadhaa waliochangia duara, yaani shimo moja, kila mmoja anataka kuiona kwa macho yake tangu inapoingia motoni hadi inapotoka. Anayeificha dhahabu chini ya chuma atasemwa. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unaozitaka nchi kupunguza zebaki katika uchimbaji mdogo. Vyema. Ila mimi ningeanza na fundi wa kuchomelea, nikamwomba abuni kifuniko ambacho wenzake watakiamini, na kama kitahitaji kufuli mbili ili watu wawili wakifungue pamoja, kiwe nazo.

Nimekaa sana machimboni, na Nyamuswa inanisubiri. Katika nchi hii ya Ikizu ipo shule ya sekondari yenye jina hilohilo, ambayo mizizi yake ni misheni ya Waadventista Wasabato, watu wasiogusa pombe hata ya sherehe. Hata hivyo mtoto wa sekondari popote Tanzania, akifika kwenye kutenganisha michanganyiko katika somo la kemia, lazima akutane na ukenekaji: chupa ya duara, taa ya moto, kipimajoto, na ule mrija wa kioo ndani ya mrija mwingine. Duniani kote unaitwa kwa jina la Justus von Liebig, ingawa Liebig aliueneza tu. Mjerumani mwenzake, Christian Ehrenfried Weigel, alikuwa ameueleza tangu mwaka 1771. Maji baridi huingia chini na kutokea juu, yakienda kinyume na mvuke, ili tone la mwisho likutane na maji yaliyo baridi zaidi. Mwanafunzi wa huku anayeshindwa kukumbuka maji yaingie wapi ana bahati kuliko wa mijini: aulize nyumbani. Wapo wanaojua, ingawa hawatasema wamejulia wapi.

Ndicho ninachokipenda hapa. Hadithi ya mtemi wa kwanza, mvua ya alasiri, chungu kilichofichwa nyuma ya mihogo, makaa ya mchimbaji na kioo cha maabara vyote viko ndani ya mwendo wa pikipiki, na hakuna aliyeviita urithi wala kutoza kiingilio. Watu wa Ikizu wana upole wa kumwacha mgeni aulize maswali yake mpaka yaishe, kisha wakamuuliza la kwao moja lililo gumu kuliko yote. Mimi niliulizwa, hivi hao wazungu waliandika vitabu vyote hivyo kwa ajili ya maji ya maua tu?

Kwa anayetaka kuja: aje msimu wa vuli au mwanzo wa masika, mawe yakiwa yameoshwa na majani yamerudi. Kambi ya hema haihitajiki. Bunda ina nyumba za wageni za kila mfuko. Mlima Chamriho na mapango yake si viwanja vya kupigia picha, kwa hiyo aanzie kwa wazee, apewe wa kumwongoza. Ale ugali wa muhogo na sato, bila haraka. Akipanda mlimani, apande asubuhi na awe ameshuka saa nane, kwa sababu baada ya hapo ziwa huanza kurudisha kilichopaa.